Barua ya wazi kwa wanaotuuzia intaneti: pimeni data, msichungulie nyumba zetu

KWA: Wakurugenzi wa kampuni inayonipa huduma ya intaneti
NAKALA: Mamlaka inayosimamia mawasiliano, mamlaka inayolinda taarifa binafsi, wateja wenzangu

YAH: KUFUATILIWA KWA MATUMIZI YA DATA NA FARAGHA YA WATEJA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya barua hii nimewaandikia mara tatu kwa njia ya kawaida. Mara ya kwanza nilijibiwa na mfumo, nikashukuriwa kwa kuwa mteja. Mara ya pili nilitumiwa kiungo cha sera yenu ya faragha, ile ile niliyokuwa naiulizia. Mara ya tatu malalamiko yangu yalifungwa na kuandikwa "yametatuliwa" bila mtu yeyote kuzungumza nami. Sina nia ya kuwachafulia jina, ndiyo maana hamtalikuta humu. Ninachotaka ni majibu, na kwa faragha nimeyakosa.

Mambo yalianza hivi. Kifurushi changu ni cha gigabaiti 500 kwa mwezi. Tarehe 23 kasi ikashuka ghafla, hata ukurasa wa maandishi matupu ukawa unafunguka kwa kusuasua. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea kijana mwenye adabu. Akahakiki jina langu na namba ya akaunti, nikasikia vitufe vikibonyezwa, kisha akasema: "Dada, data yako imefika kikomo. Naona una vifaa kumi na kimoja kwenye ruta. Matumizi makubwa ni video, hasa kuanzia saa sita usiku. Halafu kuna michezo, halafu kuna hii ya afya, masuala ya uzazi. Hii nayo umeingia sana wiki mbili hizi."

Nilinyamaza. Akadhani simu imekatika, akaita "haloo" mara mbili.

Waheshimiwa, wiki mbili hizo nilikuwa nasoma kuhusu dalili za mimba inayotaka kuharibika. Nilisoma usiku, taa imezimwa, mwanga wa simu nimeupunguza hadi mwisho ili mume wangu asiamke. Nilikuwa sijamwambia yeye, sijamwambia mama yangu, sijamwona daktari. Mtu wa kwanza kunitajia jambo lile kwa sauti alikuwa mhudumu wa kampuni ya intaneti, katika simu ambayo mlikuwa mmeshanitangazia kwamba inarekodiwa "kwa ajili ya kuboresha huduma".

Naomba kijana huyo asitafutwe wala asiadhibiwe. Alisoma kilichokuwa kwenye skrini yake, na alikisoma akidhani ananisaidia. Ninaowauliza ni ninyi mliokiweka pale. Hoja zangu ni hizi.

1. Kupima data hakuhitaji kujua ilikwenda wapi

Ili mjue kwamba kifurushi changu kimekwisha, mnahitaji namba mbili tu: baiti zilizoingia kwangu na baiti zilizotoka. Mitambo yenu inazihesabu bila shida. Kila ruta yangu inapojiunga na mtandao wenu kikao kinafunguliwa, na kinapofungwa jumla inaandikwa. Mkitaka kujua kama laini za mtaa mzima zimeelemewa, mnatazama jinsi laini kuu inavyojaa kila baada ya dakika chache, kazi ambayo mafundi wenu wanaifanya kila siku bila kujua jina la mteja hata mmoja.

Maneno "afya" na "uzazi" hayakutoka kwenye hesabu hiyo. Yalitoka kwenye mtambo mwingine, ama unaopekua pakiti za data zinapopita, ama unaoweka kumbukumbu za majina ya tovuti tunazozitafuta na kuyapanga kwa mafungu. Mtambo huo haukuota wenyewe. Kuna aliyeuagiza, aliyelipia, aliyeufunga, na aliyeamua kwamba anayepokea simu za wateja naye auone. Mhudumu alihitaji kuniambia data imekwisha na inarudi lini. Mengine yote alipewa bila sababu ya kazi.

Mtasema usimamizi wa mtandao unawalazimu. Umoja wa Ulaya ulilitazama jambo hili katika Kanuni ya 2015/2120, ile ya intaneti iliyo wazi. Kanuni hiyo inaruhusu watoa huduma kusimamia msongamano kwa hatua za busara, lakini inasema hatua hizo zisifuatilie maudhui mahususi wala zisidumu kuliko inavyohitajika. Kampuni kubwa za huko zinafanya kazi chini ya kanuni hiyo, na mitandao yao haijaanguka.

2. Si kweli kwamba "kila kitu kimefichwa, hatuoni kitu"

Jibu hili nililipata kwa mdomo, kutoka kwa msimamizi wa kitengo, nilipopiga simu tena. Alisema siku hizi tovuti karibu zote zimesimbwa, kwa hiyo kampuni haiwezi kuona nafanya nini. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu wengi wanaliamini, nami nililiamini.

Usimbaji unaficha ukurasa ninaousoma na maneno ninayoandika, na kwa hilo nashukuru. Hauwafichi mambo mengine kadhaa. Kabla simu yangu haijafungua tovuti, inauliza kwanza jina la tovuti hiyo linalingana na anwani gani ya namba. Swali hilo huenda kwenye seva ya DNS, na katika nyumba nyingi seva hiyo ni yenu, kwa kuwa ruta mnatuletea ikiwa imeshapangwa hivyo. Hata baada ya hapo, muunganisho unapoanza, jina la tovuti kwa kawaida hupita likiwa wazi kabla pazia halijashuka. Njia za kuziba nyufa hizo zipo. Kupeleka maswali ya DNS ndani ya HTTPS, yaani ndani ya muunganisho uliosimbwa, kuliwekewa kiwango rasmi mwaka 2018. Lakini mtu aliyefungiwa ruta na fundi wenu, akaambiwa nenosiri na kuachiwa karatasi, hajui kwamba kuna kitu cha kubadilisha, na si haki kumtaka ajue. Na mtu anayetafuta kujua kwa nini anatokwa damu haendi kusoma mipangilio ya DNS kwanza. Jina la tovuti peke yake lilitosha kabisa kuniumbua.

Vifaa navyo vinasema. Ruta ni yenu na mnaweza kuifikia kutoka ofisini kwenu, ndiyo maana kijana yule alijua ni vifaa 11. Kamera ya chumba cha mtoto ina seva yake inayoongea nayo, na mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua usingizini ina seva yake inayopelekewa taarifa kila asubuhi. Anayejua anwani za seva hizo anajua kuna mtoto, anajua kuna mgonjwa. Hata video iliyosimbwa ina mwendo wake: data huja kwa mafungu, fungu kubwa, fungu dogo, kimya, fungu kubwa tena. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kwa kutazama mwendo huo tu, kompyuta iliyofundishwa inaweza kutambua ni video ipi inayotazamwa.

Kuna jambo lililoniuma zaidi, na hili halihitaji mtambo wowote wa kupekua. Kwenye ukurasa wa akaunti yangu mmeweka grafu ya matumizi, saa kwa saa. Haina jina la tovuti hata moja, ni mistari ya bluu tu. Wiki iliyofuata baada ya simu ile nililazwa, mimba ile nikaipoteza. Mume wangu alikuwa nami muda wote, na watoto walikuwa kwa bibi yao. Nilimweleza mwenyewe, kwa maneno yangu, palepale kitandani. Mwisho wa mwezi nikafungua grafu yenu. Inaonyesha vilima vya usiku, wiki mbili, kuanzia saa sita hadi saa kumi alfajiri. Kisha siku tatu mstari umelala chini kabisa, nyumba haina mtu. Kisha mstari unainuka tena, mchana na usiku, kwa sababu nilikuwa nyumbani nimelala na sikuwa na usingizi.

Sikuhitaji kueleza chochote. Ilikuwa yote pale, kwa saa.

Kwa hiyo hata kuhesabu, kukiwa kwa kina kupita haja, ni kuchungulia. Grafu ya saa kwa saa inaonyesha nani anafanya kazi za usiku, nani amesafiri, nyumba ipi iko tupu na tangu lini. Kifurushi changu kinahesabiwa kwa mwezi. Nani alihitaji kujua kuhusu saa tisa usiku?

3. Mita yenu haina anayeikagua

Siku ile kasi iliposhuka, niliingia kwenye ukurasa wa ruta, ruta mliyonipa ninyi wenyewe. Ilionyesha nimetumia gigabaiti 461. Ninyi mlisema 500. Nilimuuliza mhudumu, hakujua. Nilimuuliza msimamizi, akasema "mfumo wetu ndio sahihi".

Ilinibidi nijifunze mwenyewe. Kuna wanaohesabu kilobaiti moja kuwa baiti 1,024 na kuna wanaohesabu 1,000. Ukipanda hadi gigabaiti, tofauti inakuwa zaidi ya asilimia 7. Gigabaiti 461 za ruta, zikigeuzwa kwa hesabu yenu, zinakuwa karibu 495. Zinabaki 5 ambazo mpaka leo sijui ni za nini. Huenda mnahesabu pakiti zilizotumwa mara mbili baada ya za kwanza kupotea njiani. Huenda mnahesabu takataka zinazogonga anwani yangu kutoka nje bila mimi kuziita. Mkataba hausemi mnahesabu kwa kipimo gani wala mnahesabia wapi.

Mizani ya sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri, na mita ya maji ina namba ninayoweza kuisoma mwenyewe. Mita inayoamua kama nitakuwa na intaneti wiki ya mwisho wa mwezi iko ndani ya jengo lenu na hakuna mtu wa nje anayeifungua. Mnajua nilichokuwa nasoma usiku wa manane, lakini hamkuweza kunieleza gigabaiti yenu ina baiti ngapi.

4. Kilichokusanywa hakibaki kwenye kazi yake

Mtaniambia taarifa hizi ni za ndani, hazitoki. Historia ya biashara yenu haiwaungi mkono. Nchini Uingereza, kampuni ya BT ilijaribu mfumo wa matangazo wa Phorm mwaka 2006 na 2007, mfumo uliokuwa ukitazama kurasa wanazofungua wateja, na wateja hao hawakuambiwa. Nchini Marekani, mwaka 2007 ilibainika kwamba Comcast ilikuwa ikikatiza mawasiliano ya wateja waliotumia BitTorrent, njia ya watu kugawiana mafaili, kwa kuingiza ujumbe bandia wa kufunga muunganisho, na kampuni ilikana kwanza. Verizon ilibandika alama ya utambulisho kwenye maombi ya tovuti yaliyotoka kwenye simu za wateja wake, alama ambayo mteja hakuweza kuifuta, na mwaka 2016 ikakubali kulipa dola milioni 1.35 baada ya uchunguzi wa FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo. Mwaka huohuo FCC ilipitisha kanuni za kuwataka watoa huduma waombe ridhaa kabla ya kutumia historia ya mtandao ya mteja. Mwaka 2017 Bunge la Marekani likazifuta kabla hazijaanza kufanya kazi kikamilifu. Mwaka 2021 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ilitoa ripoti juu ya watoa huduma sita wakubwa, na humo ikaonekana kwamba baadhi yao waliwapanga watu kwa mafungu nyeti, yakiwemo ya asili ya mtu na mwelekeo wake wa kijinsia.

Hao wote walikuwa na sera ya faragha.

Mtasema pia kwamba majina huondolewa kabla taarifa hazijatumika. Mwaka 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilitoa hadharani kumbukumbu za utafutaji za watu wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Haikuchukua siku nyingi, waandishi wa gazeti wakabisha hodi kwenye mlango wa mmoja wao, wakiwa wamemfikia kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta. Nami mnaweza kunitambua kwa kufuata tu saa ninazokesha.

5. "Ulikubali masharti"

Nilikubali, ndiyo. Nilitia saini mbele ya fundi aliyekuwa na ngazi begani na wateja wengine wawili wanaomsubiri. Kifungu chenyewe kinasema mnaweza "kuchakata taarifa za matumizi kwa madhumuni ya kuboresha huduma". Mtu wa kawaida akisoma hapo hawezi kuelewa kwamba magonjwa yake yatapangwa kwenye fungu na kusomwa na anayepokea simu. Na kama ningekataa, nisingefungiwa intaneti.

6. Sheria

Nchi nyingi zinawataka mtunze baadhi ya kumbukumbu kwa ajili ya vyombo vya upelelezi, na siwaombi mvunje sheria. Lakini sheria ya namna hiyo haiwaagizi kuzipeleka kumbukumbu hizo kwenye dawati la huduma kwa wateja. Na hata utunzaji wenyewe una mipaka: mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha agizo la mwaka 2006 lililolazimisha kutunza taarifa za mawasiliano za watu wote, ikisema limeingilia faragha kupita kiasi. Mkiitaja sheria, nitajieni kifungu na muda wa kutunza.

Sasa maombi yangu. Kwanza, nipeni nakala ya kila mlichokusanya kuhusu nyumba yangu tangu niwe mteja, pamoja na orodha ya waliofungua kumbukumbu zangu, kwa tarehe na cheo, si kwa majina yao. Kisha ondoeni mafungu ya tovuti kwenye skrini za huduma kwa wateja. Hili halihitaji kikao cha bodi, linaweza kufanyika wiki hii. Mtambo unaoyatengeneza mafungu hayo nao uzimwe, au mtuambie wazi unafanya kazi gani na mtuombe ridhaa kila mteja peke yake, jibu likiwa "hapana" mpaka mtu aseme "ndiyo", na anayekataa asipunguziwe huduma. Tunzeni jumla ya siku, si ya saa, na mfute hata hiyo muda wa kupinga ankara ukishapita. Andikeni kwenye mkataba gigabaiti yenu ni baiti ngapi na inahesabiwa wapi, na mruhusu mita yenu ikaguliwe na mtu msiyemwajiri. Anayetaka kutumia ruta yake au DNS nyingine asizuiwe wala asitishwe kwamba atapoteza msaada wa kiufundi.

Fungu la "afya, uzazi" lililo kwenye akaunti yangu naomba lifutwe kabisa, pamoja na rekodi ya simu ile, baada ya kunipa nakala. Hilo naliomba kama mama, si kama mteja.

Kwenu mamlaka: msiridhike na sera itakayoletwa mezani kwenu. Tumeni mkaguzi akae kiti cha mhudumu, afungue akaunti ya mteja aliyekubali, aone skrini ile inaonyesha nini.

Nasubiri jibu la maandishi lenye jina na saini ya mtu, ndani ya siku 30 kuanzia leo. Lisipokuja, nitawasilisha malalamiko rasmi kwa mamlaka zote mbili nilizozitaja hapo juu, nikiambatanisha barua zangu tatu, majibu yenu, na ile grafu.

Wenu,
Mteja wa mwaka wa sita